Alama ya Kupumua

Mara saba walirudia kurekodi, na mara saba Sanni, mpiga filimbi ya kwanza, aliishiwa pumzi katikati ya ule mstari mrefu wa filimbi. Tuulikki, aliyekaa nyuma na okestra akipiga filimbi ya pili, kila mara alifurahi kimoyomoyo. Utunzi huo aliandikiwa yeye na Ilmari, enzi zile akiwa mke wake. Aliomba aruhusiwe kupumua katikati ya mstari huo, Ilmari akakataa katakata. Miaka miwili Tuulikki alikimbia kwenye theluji akijenga mapafu, mpaka akauweza.

"Mpenzi, mimi siwezi," Sanni alimwambia Ilmari, ambaye sasa ni mume wake.

Ilmari akamfuata na penseli, akaweka alama ya kupumua kwenye karatasi yake ya noti. "Tena hivi mstari unapendeza zaidi."

Tuulikki akacheka, ukumbi mzima ukasikia. "Mimi nilizimia jikoni kwa ajili ya mstari huo, Ilmari. Mbona ulininyima?"

"Wewe si ulikuwa unaweza," akajibu bila kugeuka.

Tuulikki akafungua mdomo amjibu, lakini taa nyekundu ya kurekodi ikawaka, na ikiwaka hakuna anayezungumza. Akainua filimbi yake, akamsindikiza Sanni.