Sanduku Lililonukia

Josline alikuwa uani kwake Munuki, mjini Juba, jua likizama, akipasua vipande vya msandali ambavyo wanawake huvinunua kwake soko la Custom ili wajifukize, aliposikia mumewe, Kizza, akivua viatu mlangoni. Kizza alikuwa amezikwa mwezi uliopita.

"Karibu, Baba Kisakye," alisema, akamtandikia mkeka. Mumewe alinuka vumbi tu.

Kizza alipomaliza chai, Josline akamwuliza anatoka wapi.

"Mimi iko hapa tu, njia ya Nimule. Edrine alinishusha kabla ya mpaka."

Josline hakushangaa. Alikasirika. Edrine, shemeji yake, ndiye aliyelisafirisha jeneza kwa lori kutoka Juba hadi kwao Masaka, Uganda, limepigiliwa misumari, eti daktari amekataza lisifunguliwe. Waombolezaji walitangulia kwa basi. Kaburini jeneza lilinukia mno, wazee wakanong'onezana kwamba marehemu alikuwa mtakatifu. Josline aliijua harufu ile. Ni ya msandali mbichi uliong'olewa na mizizi yake, maana mafuta mengi yako mizizini, na kuuvusha ni marufuku. Nani atafungua sanduku la maiti mpakani? Alimtazama shemeji yake akijifuta machozi, roho ikakataa kumwamini.

Sasa alimwita. Edrine alikuja, akamsalimia kaka yake kwa heshima zote, akaketi.

"Shemeji, kaburini uliweka nini?"

"Mgomba. Kwetu maiti ikikosekana, tunazika mgomba. Hiyo ni mila."

"Mimi sikukosekana," alisema Kizza.

Edrine akakoroga chai yake kwa muda mrefu.

Josline alipiga simu Masaka, akaomba kaburi lifukuliwe ili mumewe alale kwao. Wazee walimsikiliza vizuri, wakakataa. Mgomba umechipua juu ya kaburi, walisema, na watu wanatoka mbali kuja kusali.

Wiki iliyofuata akafariki jirani yao Fulgensio, fundi cherehani, naye wa huko huko Masaka. Edrine akajitolea lori. Josline alikwenda matangani, akamwambia mjane, Erina, waziwazi asimpe mtu yule mwili wa mumewe.

Erina alimshika mkono kwa upole. "Dada, si ndiye alibeba yule mtakatifu?"

Lori liliondoka. Jioni yake Kizza alipofika, alisogea mwisho wa mkeka kumpisha Fulgensio, aliyekuwa bado na suti ya kuzikiwa. Josline akawamiminia chai wote wawili.