Nguruwe wa Dirishani kwa Thomasin

Nguruwe yule nilimpaka rangi mimi mwenyewe, waridi mashavuni na nyekundu kidogo puani, na sijutii hata chembe. Aliyemchora kwenye bamba la shaba, la kuchapia picha za kuuza, ni Bi Thomasin Pruett, mwenye duka letu la picha hapa London: nguruwe kavaa wigi na nishani, kidevu kimejikunja mara tatu, pua kaitumbukiza kwenye gunia la mikate ya askari. Jina hakuandika, wala hakukuwa na haja. Watu walijazana dirishani mpaka magari ya farasi yakakosa njia, na kila mmoja akasema, "Mh! Lodi Ormsley huyu, kabisa!"

Lodi Ormsley, kabaila mkubwa, ndiye msimamizi wa chakula cha jeshi. Akamshtaki Bi Thomasin kwa kumchafulia jina, kosa la jela, na jela ya mji huu watu huingia kwa miguu yao wakatolewa wamebebwa. Mawakili wote walimkwepa. Mimi nililia sana. Yeye akavaa kofia yake ya kanisani.

"Utawaambia nini, Mama?"

"Nitawaambia ni nguruwe. Kwani si nguruwe?"

Mahakamani Lodi alikaa mbele kabisa, kavimba. Jaji akamruhusu Bi Thomasin amhoji.

"Mheshimiwa, huyu kwenye picha ni nani?"

"Unajua fika ni nani!"

"Mimi nilichora nguruwe, baba. Wewe unamwona nani?"

"Mimi!" Lodi akafoka. Watu wakaangua kicheko, hata karani.

"Ulijijuaje?"

"Kwa nishani. Na... na kidevu."

"Na hii mikate ya askari je?"

Lodi akafunika nishani yake kwa kiganja.

Bi Thomasin akawageukia wazee wa baraza, wote kumi na wawili. "Sheria siijui, wazee wangu. Ila mkinifunga, si itaandikwa kwenye vitabu vya Mfalme kwamba nguruwe huyu, pamoja na gunia lake, ni Mheshimiwa Ormsley? Naomba aape waziwazi, asije akajuta baadaye."

Jaji akasogeza Biblia. "Apa basi. Ni wewe au si wewe?"

Lodi akaitazama picha, akawatazama wazee, jasho likamtoka chini ya wigi.

"Si mimi! Naapa si mimi! Nguruwe huyo simjui!"

"Basi hujachafuliwa," jaji akasema, na kesi akaifuta.

Bi Thomasin alifika dukani, hata kofia hakuvua. Akashika chuma chake cha kuchongea, akachonga kwenye bamba, chini ya nguruwe, herufi kinyumenyume ili zikichapwa zisomeke, jina ambalo mwanzo hakuthubutu kuliandika: HUYU SI LODI ORMSLEY. AMEAPA MWENYEWE MAHAKAMANI.

Wiki ile rangi ya waridi iliniishia mara mbili.