Msafisha Picha wa Halmashauri

Saa nne kasoro asubuhi bomba la studio lilikohoa mara mbili, likatema unyoya, kisha likaendelea kutoa maji. Fundi picha aliuokota unyoya kwa koleo la plastiki analoshikia picha zilizolowa, akautia kwenye chupa ya jemu iliyokaa dirishani. Chupa ilikuwa inakaribia kujaa. Halafu akajaza beseni la tatu. Katika kazi yake, beseni la kwanza ni la dawa ya kuitoa picha, la pili ni la dawa ya kuishika isikimbie, na la tatu ni la maji safi ya kusuuzia. Siku hizo neno "safi" lilikuwa la heshima tu.

Kwenye benchi la wateja alikaa dada yake, aliyemtangulia kwa miaka sita. Dada alikuwa mfagiaji wa halmashauri ya mji kwa miaka kumi na tisa, mpaka mwezi uliopita, alipokuwa akizoa takataka kwenye mtaro wa nyuma ya machinjio na kuona kwamba bomba la maji machafu limeunganishwa na tangi wanalonywea watu wote. Akasema. Alipoambiwa amekosea, akasema tena. Mara ya tatu alipewa barua ya kusimamishwa kazi kwa kosa la kuuchafua mji kwa mdomo. Shauri lake lingesikilizwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, na barua ilimtaka aje na ushahidi. Akija mikono mitupu, kazi imekwenda, na jina la mwongo linabaki naye.

Tayari alishawapelekea manyoya. Mhandisi wa maji aliyatazama akasema kuku wapo kila mahali.

Katibu wa halmashauri aliingia bila kubisha hodi.

"Karibu kiti, katibu," alisema fundi.

"Sikai. Suruali nyeupe." Alimtazama dada, akahamisha macho yake kwenye kalenda. "Jumamosi tunafungua Mwezi wa Usafi kwa gwaride la mavazi. Viongozi wote tutavaa maleba. Mwenyekiti anataka picha za mkanda, nyeusi na nyeupe, kama zile za ukutani."

"Siku hizi watu wanapiga kwa simu."

"Za simu hazitundikwi. Na zisafishwe vizuri, fundi. Mwenyekiti amekazia hapo. Zisafishwe vizuri."

"Kusafisha ndiyo kazi yangu," alisema fundi, na hakukosea. Kwa watu wa mkanda, kusafisha picha ni kuitoa gizani kwa dawa. Hakuna sabuni wala kitambaa ndani yake.

Katibu alipoondoka, dada alijinyoosha mgongo.

"Nenda ukawapige."

"Watu waliokufukuza?"

"Bado hawajanifukuza, wamenisimamisha. Nimesimama, si unaniona nilivyokaa? Nenda, mdogo wangu. Chukua kamera za baba. Zinawajua."

Kamera zilikuwa mbili, na marehemu baba yao ndiye aliyepiga magwaride yote ya halmashauri tangu la kwanza. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliwaachia binti zake wawili studio, madeni ya shukrani kwa majirani, na sharti moja: picha za halmashauri zisianikwe jikoni. Walidhani ni kwa sababu ya dawa.

Jumamosi fundi alitundika kamera moja shingoni na nyingine nyongani, akasimama mbele ya posta, mahali ambapo barabara inapinda na watu hulazimika kupunguza mwendo. Bendi ilitangulia. Wakafuata watoto wa shule waliovaa taulo, na walimu waliojibandika mapovu ya pamba. Kisha wakaja wakubwa.

Mwenyekiti alikuwa mche wa sabuni. Kichwa chake kilitokea juu ya sanduku la mbao lililofunikwa sponji, na kwa kuwa sanduku lilimfika magotini, alitembea kama mtu aliyefungiwa kwenye kabati na kabati likaona bora lijiendee. Daktari wa mji alikuwa jino, mizizi yote miwili. Katibu alikuwa ufagio, amezungushiwa nyasi kavu shingoni, anapiga chafya. Mhandisi wa maji alikuwa tone, amevaa satini ya buluu iliyotanuliwa kwa waya. Alipofika mbele ya posta alisimama.

"Nipige upande huu, fundi. Nionekane ninadondoka."

Fundi alimpiga anadondoka. Katika kitundu cha kamera kila mtu alikuwa alivyo: sabuni ni sabuni, jino ni jino. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja alisema hajawahi kuona viongozi wametakata namna ile kwa wakati mmoja.

Mwisho kabisa, nyuma ya gwaride, hakuwepo mtu aliyepangwa kuokota karatasi za rangi zilizomwagwa. Dada alikuwepo. Alikuwa amevaa sare yake ya kazi, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwambia airudishe, na anafagia kwa kuwa mikono yake ilikuwa imekwisha kuanza. Fundi alikuwa na picha moja tu iliyobaki kwenye mkanda, ya thelathini na sita. Akampiga.

Jumapili asubuhi alijifungia kwenye chumba cha giza, akawasha taa nyekundu, akaanza na mwenyekiti. Karatasi ilitulia kwenye dawa. Kwanza zikatokea kingo za sabuni, halafu kichwa, halafu tabasamu. Kisha chini ya sanduku, mahali pa miguu, pakatokea weusi usio wa kivuli. Ulivuja. Ulitoka kwenye karatasi ukaingia kwenye beseni, mzito kama uji uliolala, ukiwa na nywele ndani yake, na kucha, na kipande cha utumbo kilichojikunja na kujikunjua chenyewe. Harufu ilikuwa ya ndoo iliyosahauliwa na nyama ndani.

Fundi alimwaga dawa, akatengeneza nyingine, akaisafisha picha upya. Mwenyekiti akatoka vilevile, ila safari hii na mkia wa panya kwenye kona ya mdomo, mahali ambapo mtu mwingine angeweka kijiti cha meno.

Mhandisi ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. Tone lilijaa makamasi ya kijani, na ilikuwa ajabu kidogo tu kuiona rangi hiyo kwenye picha nyeusi na nyeupe. Ndani ya makamasi waliogelea minyoo myembamba kama nyuzi. Fundi aliwatoa kwa koleo mmoja mmoja, na kila alipomtoa mmoja mwingine alichukua nafasi yake, kama foleni ya benki. Jino lilikuwa na tundu, na tunduni mlikuwa na nzi wakitaga. Ufagio ulidondosha usaha. Watoto wa shule walitoka safi, bendi ikatoka safi, hata yule mzee wa makofi. Picha ya dada ilitoka baada ya dakika moja na nusu, nyeupe penye weupe, kavu karibu kabla hajaianika.

Alizibana zote kwenye kamba na kutandaza magazeti chini. Dada alikuja mchana, akaziba pua kwa kitambaa na kupita chini ya kamba kama anayekagua nguo za mtoto.

"Huyu ni mhandisi."

"Ndiye."

"Amependeza. Na hiki hapa kwa mwenyekiti ni nini?"

"Utumbo."

"Wa kuku?"

"Sijauuliza."

Dada aliinama karibu. Alikuwa amezoa mtaro ule kwa miaka kumi na tisa na alizijua taka zake kama mtu anavyojua sauti za nyumbani kwake. "Wa kuku," alisema. "Na zile nywele ni za ng'ombe. Uchafu wa machinjio huu, wote. Mdogo wangu, nimepata ushahidi."

Alhamisi walizipeleka zikiwa kwenye sinia, kwa kuwa bahasha tatu za mwanzo zilioza njiani. Kamati ilikuwa watu wanne: mwenyekiti, mhandisi, daktari na katibu, sasa wamevaa suti. Dada aliziweka picha mezani, akaeleza bomba liko wapi, linaungana na tangi kwa upande gani, na kwamba hata mtu asiyependa kuinama anaweza kuliona akisimama kwenye ukuta wa machinjio. Hakupandisha sauti.

Mwenyekiti alichukua picha yake, akaifuta kwa leso. Ikavuja tena. Akaifuta tena.

"Fundi," alisema, "hizi hazikusafishwa."

"Nimezisafisha, mheshimiwa. Mara tatu."

"Mbona chafu?"

"Picha imesafishika. Kilichobaki ni kilichopigwa."

Mhandisi aliugeuza utumbo kwa ncha ya kalamu yake, kisha akaiweka kalamu mbali na karatasi zake. "Utumbo huu ni wa machinjio, sibishi. Lakini umetoka kwenye picha. Haukutoka kwenye tangi."

"Na kwenye picha umefikaje, bosi wangu?" aliuliza dada.

"Hilo muulize mpiga picha. Mimi ni mtu wa maji."

"Kiafya," alisema daktari, "hauna neno, mtu asipoulamba."

Mwenyekiti alijimiminia maji kwenye glasi. Ndani yake mlikuwa na unywele. Aliusogeza pembeni kwa kidole kidogo, akanywa mpaka chini, akafuta mdomo. Kisha akamwambia katibu aandike kwamba ushahidi uliowasilishwa ni mchafu, na kamati haiwezi kupokea ushahidi mchafu ndani ya Mwezi wa Usafi. Katibu aliandika. Dada alifukuzwa kazi saa tano na robo, na kwenye korido akaokota kipande cha karatasi sakafuni kwa mazoea, akakitia kwenye pipa.

Picha zilitundikwa vilevile. Fremu zilikuwa zimekwisha tengenezwa.

Wiki ya tatu fundi alipokea barua yenye muhuri: ameteuliwa kuwa Msafisha Picha wa Halmashauri, aripoti Jumatatu. Aliisoma mara mbili. Baba yake alipiga picha za watu wale maisha yake yote bila kupewa hata cheo cha mlinzi. Alipiga pasi gauni lake la kupigia picha harusi za watu, akafunga chupa za dawa kwenye kikapu, akaenda.

Katibu alimpeleka kwenye korido. Gwaride la mwaka huu lilivuja kutoka kwenye fremu mpya, na ukutani kote, mpaka mwisho wa korido, magwaride ya baba yake nayo yalivuja kimyakimya nyuma ya vioo, wenyeviti wa zamani waliovaa jua, njiwa, mizani na vitabu. Miaka yote ile harufu ilikuwa imesingiziwa choo. Chini ya fremu ya kwanza kulikuwa na ndoo, kipande cha sabuni na kitambaa.

"Kikapu cha nini, fundi?"

"Dawa. Za kusafishia picha."

"Sisi tunasafisha kwa sabuni."

Fundi aliitazama ndoo. Kisha akaitazama barua. Neno lilikuwa lilelile.

"Katibu, hii si kazi yangu. Hii ni kazi ya dada yangu."

"Dada yako amefukuzwa."

"Alifukuzwa ufagiaji. Hiki ni ufagio?"

Katibu alikikagua kitambaa, akatafakari. "Kweli, siyo," alisema, akaenda kurekebisha jina.

Dada alisoma barua akiwa amesimama jikoni.

"Utakubali?" aliuliza fundi. "Wamekuita mwongo."

"Bado wananiita. Tofauti ni kwamba sasa kila asubuhi nitawafuta nyuso. Miezi miwili nimekaa naitazama mikono yangu kama ya mgeni. Nipe sare yangu."

Anaanza saa moja. Anaanza na mwenyekiti, kwa sababu ya cheo, anamtoa panya, anamfuta kidevu. Akifika mwisho wa korido, mwenyekiti amekwisha kuvuja upya, na yeye anarudi mwanzo. Mwenyekiti mwenyewe akipita humwambia, "Hongera, mama, kazi inaonekana," na dada hujibu, "Inaonekana, mheshimiwa." Ameandika barua mbili zaidi kuhusu bomba. Zimepokelewa. Mhandisi, kila akimkuta mbele ya fremu yake, humwomba aisugue zaidi upande wa kushoto, anapodondokea.

Mwishoni mwa mwezi katibu aliirudisha studio picha ya thelathini na sita, ile ya dada. Haikuwa na kosa, alieleza, ila haivuji, haihitaji kusafishwa, na kwa hiyo haimo kwenye orodha ya kazi. Tena inazifanya za jirani zionekane vibaya. Fundi aliigeuza huku na huku. Ilikuwa kavu kama siku ya kwanza, na kwenye kona yake karatasi za rangi zilikuwa bado hazijamalizwa kufagiliwa. Akaichukua nyumbani akaitundika jikoni, juu ya chakula.

Jioni dada alirudi, akavua viatu mlangoni. Fundi alimwuliza ndoo wanaimwaga wapi.

"Nilipoonyeshwa. Mtaroni, nyuma ya machinjio."

Fundi alifungua bomba ajaze sufuria. Likakohoa mara mbili, likatema unyoya, likaendelea. Aliutoa unyoya kwa koleo. Juu ya maji palibaki utando mweupe, mwepesi, unaozunguka taratibu.

"Povu hilo ni langu," alisema dada.

Fundi aliliengua kwa kijiko, akabandika sufuria.