Hodi Kumi na Nane za Revelian

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu moja ya mwaka 1951, Nikodemu alikuwa akipiga pasi shati la mwenzake uani kwa Bi Mwanakombo, mwenye nyumba wao, Temeke. Pasi ilikuwa ya mkaa, na shati lilikuwa la Revelian, kijana wa Bukoba mwenye cheti cha kupiga taipu. Nikodemu alikuwa amewapikia Wazungu miaka kumi na mitano, na Temeke nzima hapakuwa na mtu aliyejua kutafuta kazi kama yeye. Alijisifu kwa hilo, na alikuwa na haki.

"Fika kabla ya tarishi," alisema. "Usiegemee ukuta. Piga hodi mara tatu, taja jina, taja unachokijua, nyamaza. Wakikwambia hakuna kazi, shukuru, sema utapita tena kesho."

"Na wasiponijibu kabisa?"

"Ondoka. Ila hodi iache nzuri."

Revelian alihitaji kazi ya ofisini kabla ya Pasaka. Mzee Ansbert, baba yake Felicitas, alikuwa ameandika kutoka Bukoba kwamba binti yake ataolewa na mtu mwenye kiti ofisini, na kwamba mwalimu mmoja ameshaanza kuleta pombe ya posa nyumbani. Revelian alimpenda Felicitas na hakutaka kusikia habari za mwalimu.

Alikwenda Chang'ombe, kwenye kampuni moja ya saruji na mbao. Dirishani aliona kiti kitupu na taipureta iliyofunikwa kitambaa. Akapiga hodi mara tatu kwa sauti safi, akataja jina, akasema anapiga taipu kwa vidole kumi. Hakuna aliyeitikia. Akaondoka, na hodi ikabaki.

Kesho yake, saa mbili kamili, hodi ile ilisikika mlangoni peke yake, na jina, na vidole kumi. Tarishi alichungulia, akaendelea kufagia. Revelian naye akaja na kuacha nyingine. Baada ya wiki tatu zilikuwa kumi na nane, moja kwa kila siku ya kazi, na zote zilifika saa mbili.

"Zinajua saa," Bwana Abbasali, karani mkuu, alimwambia meneja. "Tatizo sisikii simu."

Meneja, Mzungu mpole, aliuliza zinaondolewaje.

"Haziondolewi, bwana. Zinataka mtu wa kuzijibu, moja moja."

Meneja akaidhinisha nafasi. Asubuhi iliyofuata Revelian alifika kabla ya tarishi, shati limenyooka, hakuegemea ukuta. Akaajiriwa papo hapo, azijibu hodi.

"Na kile kiti cha kwenye taipureta?" aliuliza.

Bwana Abbasali alivua miwani. "Kile ni cha daraja jingine. Wanangoja mtu kutoka Ulaya, na akikosekana, mmoja wa sie Wahindi. Mwaka wa pili huu."

"Lakini mie napiga taipu kwa vidole kumi."

"Najua, bwana. Nimekusikia mara kumi na nane kila asubuhi."

Revelian aliumia, tena sana. Kisha akamfikiria mwalimu na pombe yake, akakubali. Alipewa stuli karibu na mlango, kwa mshahara wa tarishi.

Jioni hiyo alimwandikia Mzee Ansbert kwamba amepata kiti ofisini, na kwamba watu humjia kila siku na maombi ya kazi. Nikodemu aliisoma barua mara mbili asione uongo wowote, akasema huko ndiko kuandika. Baada ya Pasaka Felicitas alishuka stesheni na sanduku la bati, na Bi Mwanakombo akawapa chumba cha mbele.

Kazi ya Revelian ikawa ya kudumu, maana hodi zilijibiwa leo na kesho zikarudi. Meneja alimsifu kwa utulivu wake. Simu ilisikika vizuri.

Ya mwisho kila asubuhi ilikuwa ile ya Jumatatu ya kwanza, sauti ya mtu aliyevaa shati lililopigwa pasi muda huohuo.

"Naitwa Revelian. Napiga taipu kwa vidole kumi."

Revelian hugeuka akaitazama taipureta chini ya kitambaa chake, kisha hugeukia mlango.

"Hakuna kazi," husema.

"Asante, bwana," hodi humjibu kwa adabu. "Nitapita tena kesho."