Majani ya Mwaka Mmoja

Jumatatu, kabla ya saa moja asubuhi, Walburga alichanganya dawa ya majani nyuma ya stoo ya kampuni huko Mshangano: makopo mawili ya dawa, ndoo ya maji, na kijiko cha bluu ya kufulia ili palipokwisha kupuliziwa paonekane. Alikoroga kwa kijiti. Kisha akajitwika mgongoni bomba lililokuwa la marehemu mumewe, Egidi, lenye kiraka cha mpira wa baiskeli karibu na mkanda. Kiraka kilivuja kama siku zote, taratibu, kama jasho.

Majani yenyewe watu waliyaita ruksa, kwa sababu yaliingia mwaka ule ule ambao kila kitu kiliruhusiwa kuingia, mitumba, sabuni za nje, redio za betri, na hakuna aliyejua yalipanda gari gani. Yanaota na mvua za Desemba, mwezi wa tatu yanafika kiunoni, mwezi wa tano yanakauka, yanamwaga mbegu na kufa. Hayana mizizi ya kungojea mwaka mwingine. Yote yamo kwenye mbegu. Yakishika moto yakiwa makavu, misuku michanga, miti ya matunda ya porini, huungua mpaka chini. Msitu ulikuwa wa ushirika. Ushirika ulipokufa, kampuni ya mbao ikauchukua na kuajiri vibarua wa kupulizia.

Egidi alikuwa kibarua wa kwanza. Alipulizia misimu miwili bila glavu wala gambuti, mgongo umelowa bluu, na nyapara wao, Bwana Leonce, alikuwa akisema kwamba dawa ya majani inaua majani, haiui mtu. Msimu wa pili mikono ikaanza kumtetemeka, kisha asubuhi moja hakuamka. Kampuni iliandika malaria. Walburga aliomba waandike alichokufa nacho kweli. Leonce, ambaye walisali naye jumuiya moja, alijibu kwa upole kwamba karatasi ikishapigwa mhuri ndiyo imeshapigwa. Baada ya arobaini akamletea lile bomba nyumbani, ili nafasi ya kazi isipotee.

Desemba iliyofuata, majani yalipofika urefu wa kidole, Egidi aliota nayo.

Aliota bondeni, penye misuku saba mikubwa, mwembamba, amefifia kama shati lililofuliwa mno. Kadiri majani yalivyopanda, naye alipata mwili. Mwezi wa tano alikauka, na upepo wa asubuhi ukamchukua pamoja na mbegu. Mwaka uliofuata akaota tena, pale pale, bluu ingali mgongoni. Mwanne, mwenzake Walburga kazini, mtani wao kutoka Namasakata, hakupita bila kumtania.

"Shemeji, mwaka huu umenawiri. Mvua zimekukubali."

"Tunamshukuru Mungu," alijibu Egidi. "Wewe tu ndiye umekonda."

Hakuweza kutoka nje ya majani, na hakula. Alitaka tu kusimuliwa: maharage yameungwa na nini, binti yao Noela amefaulu darasa la saba au vipi, nani anasoma somo la kwanza Jumapili. Walburga alimsimulia yote, bomba likiwa mgongoni, na saa ya mapumziko ikawa fupi kila siku. Kila alipotaka kuondoka, Egidi aliuliza jambo moja.

"Glavu zimekuja?"

"Bado."

Mwaka wa tatu ruksa ilikuwa imekwisha kote isipokuwa bondeni. Jumatatu ile Leonce alifika bondeni na pikipiki, akamsalimia Egidi, akamwomba radhi, kazi ni kazi. Akamwambia Walburga kwamba Ijumaa bonde liwe limepuliziwa kabla majani hayajatoa maua. Yasipomwaga mbegu mwaka huu hayataota tena. Wote watatu walielewa ni nini hakitaota tena.

"Pulizia, Mama Noela," alisema Egidi nyapara alipoondoka. "Hivi vimsuku vitaungua."

Walburga alisema amesikia.

Alhamisi akaenda Majengo kununua bluu. Ijumaa akaliosha bomba mara tatu, akalijaza maji na bluu, dawa hakutia. Akapulizia bonde zima, jani kwa jani, huku Egidi akiinua mikono ili majani ya kwapani yafikike.

"Haina harufu," alisema Egidi.

"Haina."

Walburga akashika jembe, akapalilia kuzunguka kila kimsuku, duara pana, moto usipate njia.

Leonce aliona bluu, akatia sahihi. Wiki tatu baadaye majani yalikuwa bado mabichi, akasema siku hizi hata dawa ni feki, na kampuni ikaagiza nyingine kali zaidi. Glavu hazikuagizwa. Kwenye kitubio Walburga aliungama uongo wake. Padre Rupert akauliza Egidi anaendeleaje, kisha akampa Salamu Maria kumi kwa ajili ya uongo. Kuhusu lile jingine, la kumwacha Egidi aote tena, alisema haoni dhambi ya kuitaja.

Mwezi wa tano Egidi alikauka. Desemba akaota, na Walburga akashuka bondeni na bomba lile lile, lenye dawa mpya.

"Hebu geuka," Egidi alimwambia.

Aligeuka. Egidi akamsugua kwa kiganja pale kiraka kinapovujia. Bluu ilikuwa imevuka blauzi, imeingia kwenye ngozi, na ilikuwa haitoki hata kwa sabuni. Walburga alificha mikono ndani ya kitenge, maana ilikuwa ikimtetemeka kidogo tangu Oktoba.

"Glavu zimekuja?"

"Bado."

Egidi alitikisa kichwa. Kisha akasogea hatua moja kando, kwa uangalifu asivunje majani machanga, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na msuku wa saba.