Samaki na Magamba Yake

Nilimwambia Getrude kwamba enzi zangu kiwandani Mwanza niliwahi kukata minofu ya sangara ambaye kichwa chake kilikuwa mezani kwangu na mkia bado uko ziwani unapiga maji. Kiwandani nilikuwepo, hilo kweli. Nilikuwa mlinzi wa geti. Lakini mstaafu aliyekuja Guangzhou kumtembelea binti yake atafanya nini mtaani Xiaobei mchana kutwa, kama si kujipandisha cheo?

Mkataji wa kweli ni Getrude. Mwaka wa kumi na nne sasa anapeleka minofu mahotelini Mwanza, na mkono wake wa kulia umechoka. Akishika kisu robo saa, vidole vinakufa ganzi. Alikuja huku kufunga mzigo wa viatu, akanifuata.

"Baba Joyness, nisipopata kisu cha umeme kinachoukubali mkono huu, samaki naacha. Wewe mtaalamu, nisindikize."

Mwenye duka la visu, laoban kama tunavyowaita mabosi wote hapa, alikuwa mama mfupi mwenye miwani. Akatuwekea visu viwili: cheupe kikubwa cha waya, na cheusi chembamba cha betri. Akakata navyo kipande cha sponji. Vyote vikapita bila kusita.

"Sponji hata kijiko kinakata," Getrude akasema. "Tukalete samaki."

Tukaenda sokoni. Samaki wa huku huuzwa hai. Kabla sijashusha kidole nilichomwonyeshea, muuzaji alishampiga rungu, akampasua, akampara magamba na kumtia kwenye mfuko wa plastiki. Ndiyo heshima yao kwa mteja. Getrude akachungulia mfuko.

"Wameshamvua nguo huyu. Sisi tunamkata na magamba yake, tumbo halijafunguliwa."

Kwa samaki wa pili nilisimama mbele ya muuzaji nimetanua mikono, nasema "bu yao, bu yao", sitaki, mpaka foleni nzima ikacheka. Alipokwisha kumpiga rungu, nikampokea mzima mzima.

Dukani laoban akatandika maboksi juu ya meza bila kuuliza. Naye alitaka kuona.

"Anza na cheupe," nikaamuru kitaalamu. "Kina nguvu."

Kweli kilikuwa nacho. Kiliingia nyuma ya shingo, kikatafuna magamba, kikashika njia ya uti wa mgongo. Katikati ya samaki kikanyamaza. Nikafikiri umeme umekatika, nikatazama taa. Zinawaka. Kumbe kitufe cha kisu kile lazima ukibane muda wote, na vidole vya Getrude vilikuwa vimejifungua vyenyewe. Akakiweka kisu mezani.

"Nijaribu mimi?" nikauliza.

"Mkono wako sio utakaokata samaki Mwanza, baba."

Akamgeuza samaki. Cheusi unakibonyeza mara moja, kinakwenda chenyewe, na ukitaka kukizima unabonyeza tena. Alikishika kwa wepesi kama mtu anayeshika kalamu. Kilikwenda taratibu, kwenye mbavu kikalalamika, lakini hakikusimama. Mnofu ukaachia mpaka mkiani. Akauinua kwenye taa: hauna tundu. Akakunja vidole, akavikunjua. Akarudia.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Vipo vyote vitano." Akamsogezea laoban kile cheusi. "Muulize betri ya akiba anayo."