Ratiba ya Mbio za Bondeni

Jumanne moja, saa nne asubuhi, ofisa michezo wa halmashauri aliamua kwamba hana sababu ya kujichosha. Mezani kwake kulikuwa na kikombe cha chai kilichoota utando, kompyuta yenye tabia ya kujizima, na agizo la mwenyekiti kwamba ratiba ya mbio za bondeni iwe tayari kabla ya mchana. Mbio zenyewe zingepita juu ya tuta la reli ya zamani. Vyuma vilikuwa vimeng'olewa miaka kumi na minane iliyopita, mataruma ya mbao yakaishia majikoni kwa watu kama kuni, na tuta likabaki na kokoto zake na nyasi. Sasa halmashauri ilikuwa imelibandika jina la Njia ya Afya na kusimika bango la mtu mwenye meno meupe akikimbia.

Ofisini walimwita Bwana Michezo. Jina alilipenda, maana lilimtofautisha na watu wanaofanya kazi.

Meza yake ilitoka kwenye mali za shirika la reli lililokufa, na katika droo ya chini, chini ya magazeti, aliikuta ratiba ya treni ya mwisho. Ilikuwa na vituo vyote na dakika zake. Bwana Michezo akainakili kama ilivyo: kuondoka kituo cha juu saa moja na dakika kumi, kituo cha maji saa moja na thelathini na nne, kusimama dakika mbili, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa bonde. Palipoandikwa treni akaandika wakimbiaji. Kituo cha mwisho, Hospitali, alikifuta, kwa sababu mbio zingeishia uwanja wa mpira, kilomita tano kabla ya hospitali, ambako kungekuwa na hema na viti vya wageni. Mstari wa chini kabisa, uliosema abiria wote wenye tiketi wapandie upande wa kushoto, aliuacha kwa sababu ulijaza ukurasa. Akapiga muhuri, nakala zikabandikwa kwenye kuta za vituo, naye akaenda kula.

Jumamosi walifanya jaribio. Wakimbiaji walikuwa kumi na wawili, akiwemo kijana aliyeitwa Swala, bingwa wa mbio ndefu, ambaye hata kwenye foleni ya benki alisimama kama anasubiri bastola ilie. Bwana Michezo alipanga kukimbia nao kilomita mbili za kuonekana, kisha aingie kwenye gari lililomsubiri barabarani, kama ilivyo desturi ya viongozi. Lakini lile gari alilipita. Miguu ilikuwa inakwenda kwa ratiba.

Kwenye kituo cha maji wote kumi na watatu walisimama kwa mpigo. Pale jukwaani watu waliokuwa wameketi kwenye mabenchi waliinuka, wakajikung'uta vumbi, wakachukua vifurushi vyao. Walikuwa wakisubiri tangu treni ilipokoma. Habari ya kufungwa kwa reli ilikuwa imetangazwa gazetini, na gazeti lilikuwa likiletwa na treni. Ndugu zao waliwaletea chakula na kuwabadilishia nguo, na mvua ikinyesha walisogea chini ya paa. Walizeeka hapohapo, taratibu, tiketi mkononi. Sasa kila mmoja alimpanda mkimbiaji mgongoni, kwa upande wa kushoto, bila kusukumana.

Swala alipata mwalimu aliyekumbatia bunda la karatasi za mtihani ambazo watahiniwa wake wenyewe sasa walikuwa na watoto wa kufanya mtihani huohuo. Wa nyuma yake alipata bwana harusi mwenye mvi, suti ikimbana makwapani. Bwana Michezo alihisi mikono miwili ikimzunguka shingoni na kikapu kikimchoma mbavuni.

"Shikamoo," alisema, maana uzito ule ulikuwa wa mtu mzima.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenenepa hivyo?"

Aliijua sauti. Ilikuwa ya mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki, na aliyempungia mkono pale pale alipoondoka na treni ya mwisho kwenda masomoni.

"Kumbe bado uko hapa, mama mdogo?"

"Sasa niende wapi, na tiketi ninayo?"

Zile dakika mbili ziliisha na wakaondoka. Walikimbia kwa mstari mmoja, huku mto ukiwa chini na miteremko ya mahindi huku na huku. Swala alijaribu kuchomoka mbele mara tatu, na mara zote miguu yake ilimrudisha nyuma ya Bwana Michezo kama behewa. Mama mdogo alizungumza njia nzima. Alikwenda kituoni siku moja baada ya Bwana Michezo kuondoka, alisema, kwa ajili ya mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilishakwenda na maji. La kushoto lilikuwa bado linaona mwanga, na daktari wa macho alituma salamu kwamba hilo linaokoleka, ila afike kabla ya mwisho wa mwezi huu, kwa sababu anastaafu na hakuna mwingine anayekuja.

"Ile karatasi yako mwalimu amenisomea mara mbili," alisema. "Nikamwambia asome tena, labda ameruka mstari. Hospitali haimo."

"Nilikata kwa bahati mbaya, mama mdogo. Nitairudisha. Ni mstari mmoja tu."

"Mstari mmoja tu," alikubali mama mdogo, akaegemeza kichwa begani kwake na kusinzia.

Uwanjani walifika saa mbili na dakika arobaini na sita, bila kuzidi wala kupungua. Kwa kuwa lilikuwa jaribio, abiria walirudishwa vituoni kwa lori la taka la halmashauri. Dereva aliona hospitali ni karibu zaidi, hata akasema, lakini karatasi yake ya safari ilisema vituoni.

Jumatatu Bwana Michezo alipanda ghorofa ya tatu kumwona mwenyekiti. Alikuwa ameuandika ule mstari kwa mkono, kwa wino wa bluu, na alibakiza sahihi tu.

"Abiria nimesikia," alisema mwenyekiti. "Safi sana. Idadi ya washiriki inakuwa mara mbili. Wapewe fulana."

"Wanaomba tufike hospitali, mheshimiwa. Kilomita tano zaidi."

"Hospitali mgeni rasmi atakaa wapi? Na picha je? Unataka nyuma ya mgeni rasmi waonekane watu wa magongo na mabandeji, siku ya afya?"

"Mmoja wao ni mama yangu mdogo. Jicho lake lina muda mpaka mwisho wa mwezi."

"Hongera. Familia nzima mnashiriki." Mwenyekiti aligonga faili jekundu kwa kidole. "Barua yako ya kupanda cheo iko humu. Nangoja tu Jumamosi ipite bila maneno."

Bwana Michezo aliikunja ile karatasi na kuitia mfukoni. Roho ilimsuta ghorofa zote tatu, hasa kwenye ngazi. Alipofika mapokezi ilikuwa imeshatulia, akaagiza fulana.

Jumamosi ya mbio, ambayo ilikuwa ya mwisho katika mwezi ule, jua lilitoka mapema. Abiria walivalishwa fulana nyeupe zenye maneno KIMBIA KWA AFYA, na bwana harusi akaivaa juu ya suti. Wakimbiaji walikuwa mia moja na kumi. Waliotaka kuvunja rekodi walilalamika kidogo kuhusu mwendo, mpaka walipoelezwa kwamba kila mtu atashinda. Njia nzima mama mdogo hakusinzia. Alihesabu vituo kwa sauti, kimoja kimoja, na kila walipoondoka alimpapasa Bwana Michezo shavuni kumpa moyo.

Uwanjani kipaza sauti kiliwapokea kwa muziki. Walipovuka utepe miguu ilirudi kuwa ya wenyewe, na wakimbiaji wakawashusha abiria nyasini, wakajinyoosha viuno na kwenda kuchukua maji. Mwalimu aliulizia mahali pa kukabidhi mitihani, akaonyeshwa meza ya vitafunio.

"Tumefika hospitali?" aliuliza mama mdogo.

"Tumefika uwanjani."

"Na hospitali?"

"Kilomita tano mbele."

Mama mdogo alimwelekezea usoni lile jicho la kushoto, lenye wingu ndani.

"Uliniambia ni mstari mmoja."

"Ni mmoja kweli, mama mdogo."

Bwana Michezo alikuwa bado ana pumzi. Miguu haikuuma. Angembeba mpaka mlangoni kwa daktari na kurudi kabla hotuba hazijaisha, na jambo hilo alilijua vizuri kama anavyojua jina lake. Kipaza sauti kikamwita aje asimame karibu na mgeni rasmi. Aliona haya, na haya ile ilikuwa ya kweli kabisa, ila haikumzuia kuchana nywele.

"Nyingine lini?" aliuliza mama mdogo.

"Mwakani. Tarehe kama hii."

"Na itatokea upande gani?"

Alimshika mabega na kumgeuza kuelekea bondeni. Mama mdogo akaketi hapo kwenye nyasi, akaweka kikapu magotini, uso ukiangalia alikogeuzwa. Wengine nao wakaketi nyuma yake, mmoja mmoja, wakiwa wameshika tiketi zao.

Kwenye hema watu walijipanga kwa ajili ya picha. Mpiga picha alitazama kwenye kamera, akainua mkono kuwaashiria wale waliokaa nyasini wasogee, maana walikuwa wanaonekana. Wakasogea wote isipokuwa mama mdogo, ambaye hakuuona mkono. Mpiga picha akamwomba Bwana Michezo aende hatua moja pembeni, amzibe.

Akaenda hatua moja pembeni.